Ukimkuta nyoka uani, rudi nyuma kwanza

Alikuwa amejikunja nyuma ya pipa la maji, rangi ya kahawia, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Ilikuwa saa mbili usiku, wakati wa masika, hapa Muheza. Nilipiga ukelele, vijana wa jirani wakaja na fimbo, na kabla sijapata pumzi walikuwa wameshamponda kichwa. Wote walisema ni kifutu. Nami nikaamini.

Asubuhi alipita mzee wa mtaani kwetu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Nilimwamkia, nikamwonyesha. Akachukua kijiti, akamgeuza yule nyoka taratibu, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, mmemuua mlinzi wa mahindi yenu. Kifutu hana mistari hii."

Kila upande wa kichwa kulikuwa na mistari miwili ya rangi ya maziwa, mmoja ukitoka puani na kupita kwenye jicho, wa pili ukishuka chini ya jicho kuelekea pembe ya mdomo. Huyu ni nyoka wa majumbani, hana sumu, hutoka usiku kuwinda panya. Tukimkuta tunamuua, halafu tunakwenda dukani kununua sumu ya panya. Niliumia, nikaanza kujifunza. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya usiku ule.

La kwanza ni kuhusu ule ujumbe unaozunguka kwenye simu: eti nyoka mwenye kichwa cha pembetatu na mboni iliyosimama kama ya paka ana sumu, na mwenye mboni ya duara hana. Tafadhali usiufuate. Kanuni hiyo ina asili ya Marekani, ambako nyoka wengi wenye sumu ni wa jamii moja yenye sura hiyo. Huku kwetu inaua. Koboko ana mboni ya duara. Swila ana mboni ya duara. Na yule mla panya wangu asiye na madhara yoyote ndiye mwenye mboni ya kusimama! Yupo pia nyoka mla mayai, ambaye karibu hana meno kabisa, naye akitishwa hutanua kichwa kiwe kama pembetatu na kusugua magamba yake mpaka yatoe sauti ya kutisha. Anaigiza ukali ili aachwe. Isitoshe, ukiwa karibu kiasi cha kuiona mboni, umeshakaribia mno.

Basi utazame nini? Tazama umbo zima, michoro ya mgongoni na mwenendo wake, ukiwa mbali.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mnene na mfupi, kichwa kipana kuliko shingo, na mgongoni ana alama zinazofanana na herufi V zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Dalili kubwa kwangu ni kwamba hakimbii. Nyoka wengine wakisikia hatua zako huondoka. Yeye hulala palepale, akitegemea kufanana na majani makavu. Mtu anamkanyaga akielekea chooni. Ukisikia mfoko mzito kama mfuko wa hewa unaominywa, simama hapohapo, mulika, kisha rudi nyuma ulikotoka.

Swila huinua kifua na kutanua shingo. Yule anayetema hulenga macho, na mate yake hufika mita mbili au zaidi. Akikupata, osha macho kwa maji mengi safi, muda mrefu, usiyasugue, kisha nenda hospitali. Pwani ya Kenya yupo swila mkubwa sana anayetema, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa ni wa aina ya pekee mwaka 2007 tu, wakampa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Miaka yote hiyo watu waliishi naye wakimhesabu kuwa ni swila wa kawaida.

Koboko si mweusi, ingawa jina lake la Kizungu linasema hivyo. Ngozi yake ni ya kijivu au kahawia; weusi uko ndani ya kinywa. Ni mwembamba, mrefu, anaweza kupita mita tatu, na ana mbio.

Wa kijani walionitesa zaidi ni wale wa kwenye miembe na minazi. Wapo wasio na madhara, wembamba wenye macho makubwa, na yupo mwenye sumu kali ambaye huishi juu ya miti hiyohiyo ya pwani. Nimejaribu kuwatofautisha kutoka chini, nimeshindwa. Sasa nimeamua: kijani mtini hasogelewi, na watoto hawapandi mti ule mpaka aondoke.

Nikisema hivyo sitii chumvi. Mwaka 1957 mjini Chicago, mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aliletewa nyoka mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Alikuwa wa aina inayoitwa boomslang, mwenye macho makubwa, mkazi wa mitini, tunaye na huku. Schmidt alimshika mkononi, akaumwa kidole gumba, hakukimbilia hospitali. Aliandika dalili zake mwenyewe, na siku ya pili alikuwa amefariki. Alikuwa amewachunguza nyoka maisha yake yote. Mimi na wewe wenye tochi ya simu tuna haki gani ya kumshika mkia?

Kwa hiyo ukimkuta: rudi nyuma, ondoa watoto, kuku na mbwa. Mtu mmoja amwangalie kwa mbali anaelekea wapi. Piga picha kwa kuvuta lenzi, usisogeze miguu. Picha ya ubavuni inayoonyesha kichwa na mgongo inatosha kumpelekea mtu anayewajua. Kisha mpe njia. Usimguse hata akiwa amekufa, kwa sababu kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Wala usidhani ukimbana nyuma ya kichwa umemweza. Kuna nyoka mdogo mweusi wa ardhini ambaye huchoma kwa jino la pembeni bila kufungua mdomo, na hashikiki kwa namna yoyote.

Mtu akiumwa, acheni wembe, mafuta ya taa, jiwe jeusi na kamba ya kufunga mguu. Mvue pete na viatu kabla hajavimba, mtulize asitembee, mfunge kiungo kwa banzi kama aliyevunjika, mpelekeni hospitali. Hakuna haja ya kumsaka nyoka na kumbeba. Daktari hutibu kwa kuangalia dalili, na dawa nyingi za kuzuia sumu zinazotumika Afrika zimetengenezwa kwa ajili ya nyoka wa aina kadhaa kwa pamoja. Lakini si kila kituo cha afya kina dawa hiyo. Uliza leo, ukiwa mzima, ni hospitali gani ya karibu inayo, na nani ana gari usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi ni wakulima na watoto wa vijijini kama sisi.

Mwaka uliofuata binti yangu alimwona kifutu halisi kando ya rundo la kuni. Alirudi nyuma hatua tano, akaniita kwa sauti ya kawaida: "Mama, ana zile V." Tulimwacha, akaenda zake gizani kuelekea michungwani. Kesho yake tulihamisha kuni mbali na mlango, na tochi sasa inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa uani, chini kabisa, mahali ambapo hata mdogo wake anaifikia.