Maandishi ya Leso Yana Uzito Gani?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa nguo za kike karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Juma lililopita mteja aliniletea doti ya leso nimshonee gauni. Nilipokata, maandishi yalimezwa na mshono, naye akalia kwamba nimeiharibu leso aliyoachiwa na marehemu mama yake. Je, maandishi hayo yana uzito gani, na mbona vitenge ninavyoshona kila siku havina?

JIBU: Pole, fundi, lakini mteja wako ana haki ya kuumia. Maandishi hayo huitwa jina la leso, na kwa wengi ndiyo sababu ya kuchagua doti hii na kuiacha ile, kwa kuwa anayempa mwenzake leso humpa na neno alilokusudia kumwambia.

Leso yenyewe ilianza bila jina. Neno “leso” limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, na vitambaa hivyo ndivyo wanawake wa pwani walivyovinunua mwishoni mwa karne ya 19. Badala ya kuchukua kimoja kimoja, walikatiwa sita kwa pamoja kutoka kwenye jora, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakaiunganisha mistari hiyo miwili kwa sindano hadi ikawa nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Naona ni haki kusema kwamba wabunifu wa kwanza wa leso walikuwa wanawake hao wenyewe. Jina liliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kilatini. Anayetajwa sana katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye leso zake hujulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”.

Kitenge kina ukoo mwingine. Asili yake ni batiki ya Java, ambayo Waholanzi waliiga kwa mashine katika karne ya 19, na soko lao kubwa likawa Afrika Magharibi. Hupimwa na kukatwa kwa urefu, mauwa yakijirudia kote, kwa hiyo fundi hukata apendapo. Leso haikubali hivyo: ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani eneo la katikati lililozungukwa na pindo, na jina hukaa upande wa chini wa mji, juu kidogo ya pindo.

Sasa tazama mabaki yako. Doti ni leso mbili zinazofanana, na kila moja ina jina lake. Ikiwa jina la leso ya pili bado ni zima, fumua sehemu ya chini ya gauni, ulipachike juu ya pindo lisomeke bila kupinduka, kisha umwite mteja aone kabla hujalishona.