Kabla ya kugombania bei ya ndoo, gombanieni saa ya kufungua bomba

Huku juu Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania, mvua ikinyesha inazama mchangani, na maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Kwa hiyo yana bei, na watu wakitaja haki ya maji wanawaza bei tu. Mimi niliyekaa kwenye kamati ya maji ya kijiji nawaambia akina mama wenzangu: anzeni na saa.

Kituo cha kuchotea maji kikifunguliwa saa mbili asubuhi, mwenye shamba kubwa anamtuma mtu. Mama anayeokota korosho za watu kwa ujira yuko chini ya mikorosho saa hizo. Akirudi jioni, kimefungwa. Ananunua kwa mwenye pikipiki, ndoo ileile kwa bei ya juu. Oktoba ndiyo balaa, kiangazi na korosho vikikutana. Sisi tulihamishia saa alfajiri na jioni, mchana kinafungwa. Mauzo hayakushuka.

Halafu foleni. Wa ndoo mbili wapite kwanza, wenye madumu ya biashara wawe na mstari wao. Zilipigwa kelele, jamani! Kijana mmoja akadai nimemkatia riziki. Nikamwambia riziki yake ipo, ila baada ya hao akina mama.

Haya yasemeeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Usiende peke yako, na usiende na manung'uniko matupu. Sera ya Maji ya 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Kaya ya watu sita ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Pimeni umbali, hesabuni kaya, ndipo mnyooshe mkono. Na mapato na matumizi yasomwe hapohapo: kwa sheria ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, miradi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya jamii, na hela ni za wachotaji.

Pesa ya korosho ikiingia, mkumbusheni baba watoto kisima cha kukingia mvua ya paani kabla hajataja pikipiki. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 20, ni lita 960. Toa zinazomwagika, bado ndoo arobaini na kitu, bila kubeba hata moja kichwani.

Mwenye paa la nyasi ushauri huu haumfai, na ndiye mwenye shida zaidi. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilianza na hao: bati kwanza, kisima mwaka unaofuata, kwa zamu. Kisima kifunikwe, watoto wasitumbukie. Mvua ya kwanza msiikinge, maana inashuka na vumbi la salfa, dawa tuliyopulizia mikorosho.