Ukitibiwa moyo kwa katheta, usikimbilie basi

Jeraha langu lilikuwa tundu dogo tu kwenye kinena cha kulia, limefunikwa plasta. Nikajiona nimepona, na asubuhi yake nikapanda basi la kutoka Nairobi kurudi Kisumu.

Nilitibiwa moyo uliokuwa ukienda mbio ghafla. Daktari alipitisha katheta, mipira myembamba, kwenye mshipa mkubwa wa damu wa kinena hadi moyoni, akachoma kijisehemu kilichokuwa kikipitisha umeme kombo. Kwa kuwa kifua hakipasuliwi, wengi hudhani hakuna cha kuuguza. Lakini mshipa umetobolewa!

Kabla ya Nakuru suruali ilianza kunibana. Nilipopapasa nikakuta uvimbe mgumu, mkubwa kama limau. Mama niliyeketi naye akaniona navuja jasho. "Mwanangu, Kisumu haihami. Shuka utafute hospitali." Nikashuka. Walipima mishipa kwa altrasaundi. Bahati nzuri ateri ya jirani ilikuwa salama, ni damu iliyovujia ndani. Weusi wake uliteremka hadi karibu na goti.

Kwa hiyo, kama una jamaa Nairobi, lala kwake siku mbili tatu. Kwa wiki nzima usibebe mtungi wa gesi wala ndoo ya maji, na bodaboda iache. Damu ikitoka, lala chali, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia. Isipokoma, au mguu ukiwa baridi au ukifa ganzi, hospitali mara moja. Ukibanwa kifua, ukiishiwa pumzi au kuzimia, usingoje hata dakika, maana damu huweza kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Na dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa kuogopa weusi; kiharusi ni kibaya zaidi.

Linalonitia hofu zaidi ni homa. Waliochomwa chumba cha juu cha kushoto cha moyo, kwa sababu ya mapigo yasiyo na mpangilio, mara chache sana joto hujeruhi umio, yaani njia ya chakula, ulio nyuma yake, na tundu hujitokeza wiki kadhaa baadaye, hata miezi miwili: homa, maumivu ya kumeza, dalili za kiharusi. Huku kwetu homa ni malaria kwanza. Pimwa malaria, sawa, lakini mwambie daktari ulichomwa moyo lini. Katika hali hiyo kamera ya kooni ni hatari. Kinachotakiwa ni skani ya CT ya kifua.

Barua yangu ya hospitali nimeipiga picha, iko kwenye simu yangu na ya mke wangu, na tarehe nimeizungushia kalamu nyekundu.