Namna programu mbili zinavyotumia maktaba moja

Ndugu, umeuliza inakuwaje programu mbili za Linux zitumie faili moja la libc.so.6 (maktaba ya msingi ya lugha ya C, yaani mkusanyo wa msimbo unaotumiwa na programu nyingi) bila kuharibiana data. Kinachoshirikiwa katika kumbukumbu ni kurasa (vipande vya kumbukumbu) za msimbo, ambazo husomwa tu. Kurasa za data ni za kila programu peke yake, na keneli (kiini cha mfumo wa Linux) hunakili ukurasa pale tu programu inapouandika. Ukiendesha cat /proc/self/maps, amri inayoonyesha ramani ya kumbukumbu ya programu, mstari wa libc wenye r-xp (husomwa na kutekelezwa) ni msimbo, wenye rw-p (husomwa na kuandikwa) ni data.

Kwa kuwa maktaba yaweza kupakiwa kwenye anwani yoyote, hukompailiwa kwa -fPIC (chaguo la kompaila linalotoa msimbo usiotegemea anwani maalumu), na ld.so (programu inayopakia maktaba) huandika anwani halisi kwenye jedwali la GOT (Global Offset Table, orodha ya anwani). Jedwali hilo limetengwa na msimbo makusudi, kwani kama anwani zingeandikwa ndani ya msimbo, kila programu ingelazimika kuwa na nakala yake.