Maswali ya Wasomaji: Siku za Kampala na siku za barabarani katika hija ya Namugongo

Swali: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Arua, na mwaka ujao nimeazimia kwenda Namugongo, pembezoni mwa Kampala, kwa miguu kwa ajili ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, ya kuwakumbuka Wakristo waliouawa zamani za Kabaka Mwanga. Kutembea kutoka huku kwetu, karibu kilomita 480, ni zaidi ya uwezo wangu, kwa hiyo nimepatana na wifi yangu anayeishi Masaka tutembee pamoja kutoka kwake. Nimepanga kupanda basi hadi Kampala, nikae huko siku nne nikizuru kwa miguu mahali pote walipouawa mashahidi, kisha niende Masaka kwa gari, tuondoke asubuhi ya tarehe 30 Mei na kufika Namugongo jioni ya tarehe 2 Juni. Je, mpango huu unafaa? Tulale wapi njiani? Nivae viatu gani? Na wifi yangu, ambaye ana presha, ataweza safari hii?
Mama wa Arua

Jibu: Mama, nia yako ni njema na uamuzi wa kuanzia Masaka ni wa busara, lakini nakuomba uzigawe siku zako upya, kwa sababu mji umeupa nyingi na barabara umeipa chache. Kutoka Masaka hadi Kampala ni takriban kilomita 130, na ukiongeza kipande cha kuvuka mji hadi Namugongo, safari yote inakaribia kilomita 145. Kuzimaliza kwa siku nne ni kutembea zaidi ya kilomita 36 kila siku, mwendo ambao hata kijana aliyejizoeza huumudu kwa shida, na ambao watu wa umri wetu wakijilazimisha nao, wengi huishia kupanda boda boda pale Mpigi, miguu imevimba na moyo umesononeka.

Punguza siku za Kampala ziwe mbili, kisha mwondoke Masaka asubuhi ya tarehe 26 Mei. Tarehe hiyo siitaji kwa kubahatisha. Mwaka 1886, tarehe 26 Mei ndiyo siku Andrea Kaggwa alipouawa Munyonyo, ilipokuwa ikulu ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, na ndiyo siku Ponsiano Ngondwe alipouawa Ttakajjunge, njiani kuelekea Namugongo, wakati wafungwa waliohukumiwa walipokuwa wakiswagwa kutoka Munyonyo. Mtakapokuwa mnaukanyaga umande wa Masaka asubuhi hiyo, mtakuwa mmeanza siku ile ile waliyoanza wao.

Kuhusu Kampala, usijaribu kuona kila kitu, na usizunguke mji mzima kwa miguu, kwa kuwa kila kilima utakachopanda huko utakilipia barabarani. Siku ya kwanza pumzika, maana basi la Arua huchosha, na ukishapata usingizi tembea kidogo tu hadi Nakivubo, ambako si mbali na Arua Park, mahali ambapo huenda utashukia. Hapo pana soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa kwanza wa Kikatoliki, aliyeuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Simama hapo usali katikati ya kelele za wauza mitumba, lakini usinunue viatu vya safari, hata ukivikuta vizuri na kwa bei ya kutupa. Siku ya pili nenda Munyonyo kwa teksi, ukae huko tangu asubuhi hadi alasiri. Nakuhimiza uende huko kabla ya safari ya miguu kwa sababu Munyonyo iko upande wa ziwa, nje kabisa ya njia mtakayopita baadaye kwa miguu, na kwa sababu hukumu ilitolewa pale. Anayeanza na Namugongo bila kupita Munyonyo huuona mwisho bila kuujua mwanzo. Rubaga, kilima chenye kanisa kuu la Kikatoliki, iache. Mtakapoingia mjini kutoka Busega kupitia Nateete, kilima cha Rubaga kitakuwa karibu nanyi, na kama nguvu zitakuwepo mtakipanda mkiwa mahujaji wa miguu.

Sasa barabara. Kutoka Masaka hadi Lukaya ni siku ya kwanza, karibu kilomita 25, na kabla ya kuondoka pitieni kanisa kuu la Kitovu mkapate baraka. Siku ya pili ndiyo ninayoihofia kwa ajili yenu, kwa kuwa ni ya Lwera. Hapo barabara inakatiza tambarare ya kinamasi kandokando ya ziwa, mti wa kivuli ni wa kutafuta, malori ya mchanga na mabasi ya Mbarara yanapita kwa kasi, na upepo wake unaweza kumyumbisha mtu mwenye mzigo kichwani. Mwezi Mei mwaka 2023 mafuriko yaliliharibu daraja la mto Katonga kwenye barabara hiyo hiyo, na magari yakalazimika kuzunguka njia nyingine, kwa hiyo ulizeni hali ya maji mkiwa bado Lukaya. Ondokeni kunapoanza kupambazuka, mara tu mtakapoweza kuiona lami vizuri, mkiwa mmejaza maji ya kunywa, na mtembee upande wa kulia ili muyaone magari yanayowajia. Vaeni vizibao vinavyong'aa, mwende mmoja nyuma ya mwingine, wala msitembee usiku kwa sababu yoyote ile. Wauza samaki na uyoga mtakaowakuta kando ya barabara ni watu wa kuwasalimu na kuwauliza habari, kwani wanaijua Lwera kuliko ramani.

Mkifika Kayabwe mtakuwa mmeikuta alama ya ikweta, na jirani na hapo ni Nkozi, penye hospitali na Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda. Siku ya tatu iwe fupi: tembeeni hadi upande wa Buwama na Mitala Maria, karibu kilomita 10 tu, mchana uliobaki mfue nguo na kuilaza miguu. Siku ya nne ni Mpigi, ya tano ni Busega, na ya sita ni kuvuka mji. Mkitembea hivyo mtaingia Namugongo tarehe 31 Mei, na mkipata mvua kubwa, ambayo mwishoni mwa Mei bado hunyesha, au mmoja wenu akiugua, mtakuwa na siku mbili za akiba.

Kuhusu malazi, ushauri wangu ni msiende wawili peke yenu. Wifi yako amwone paroko wake mapema, tangu Kwaresima, aulize ni kundi gani la jimbo la Masaka linalotembea mwaka huo na litaondoka lini. Kundi huwa na viongozi, na mara nyingi huwa limekwisha kupatana na parokia za njiani kuhusu mahali pa kulala. Kama tarehe ya kundi itatofautiana na hii niliyowapa kwa siku moja au mbili, fuateni ya kundi, ila likipanga kufika kwa siku nne, tafuteni jingine. Wewe nawe chukua barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako huko Arua, pamoja na kitambulisho cha taifa. Beba shuka, leso mbili na noti ndogondogo. Vyoo mtavipata kwenye vituo vya mafuta, na ni vizuri kuvitumia kila mnapovikuta, kwa sababu wanawake wengi hujizuia kunywa maji wakiogopa kukosa mahali pa kujisitiri, kisha hupatwa na kizunguzungu njiani.

Viatu viwe vya raba, vyepesi, ambavyo umekwisha kuvivaa kwa miezi miwili, na vyenye nafasi mbele ya vidole, kwa kuwa mguu huvimba mchana. Kila asubuhi jipake mafuta mazito visiginoni na kati ya vidole, ndipo uvae soksi. Kisigino kikianza kuwaka, usingoje kituo kinachofuata: kaa hapo hapo kando ya barabara, vua kiatu, ikaushe ngozi, bandika plasta bila kuacha mkunjo wowote na ubadilishe soksi. Dakika kumi hizo huokoa safari nzima. Lengelenge likishatokea, usibandue ngozi yake, maana ngozi hiyo ndiyo inayozuia uchafu usiingie. Anza mazoezi miezi mitatu kabla, kwenda na kurudi kanisa kuu la Ediofe mara tatu kwa wiki, ukiongeza umbali kidogo kidogo, na mwezi wa mwisho utembee kilomita 20 siku mbili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayokuonyesha ukweli wa miguu yako.

Wifi yako aende kliniki sasa, asingoje Mei. Watu wengi ambao presha yao imetulia kwa dawa hutembea vizuri sana, lakini ni mganga wake atakayesema hivyo baada ya kumpima mara kadhaa, na kama anatumia vidonge vinavyomfanya akojoe sana aulize jinsi ya kuvitumia siku za jua kali. Dawa azibebe mwenyewe mfukoni, zisikae kwenye mzigo unaopakiwa garini. Kinywaji cha sukari na chumvi, yaani vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, ni kwa ajili ya anayeharisha au kutapika. Mwenye presha asinywe kutwa nzima kama maji ya kawaida.

Jambo la mwisho ni zile siku za Namugongo ambazo hukuziweka kabisa katika mpango wako. Wafungwa wa mwaka 1886 hawakuuawa siku waliyofika. Walifungwa pale karibu juma zima wakati kuni zikikusanywa, hadi tarehe 3 Juni. Ukifika jioni ya tarehe 2 utaukuta umati umeshona, utatafuta mahali pa kuweka shuka gizani, na asubuhi utasinzia wakati wa misa uliyoifuata kwa kilomita 145. Ukifika mapema utaweza kuungama bila kusukumwa, kuchota maji, na kuingia ndani ya Basilika, ukae kimya mahali alipoteketezwa shahidi Karoli Lwanga.

Swali: Mimi ni Mwanglikana na mume wangu ni Mkatoliki, tunaishi Bugiri. Je, tunaweza kutembea pamoja, au kila mmoja afuate kundi la kanisa lake?
Mama Bugiri

Jibu: Tembeeni pamoja, dada, kupitia Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono. Mashahidi wanaokumbukwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na tarehe 3 Juni 1886, pale Nakiyanja huko Namugongo, vijana wa makanisa yote mawili walichomwa katika moto mmoja. Papa Fransisko alipokuja tarehe 28 Novemba 2015 alizuru sehemu zote mbili za Namugongo. Ibada za tarehe 3 Juni huwa ni mbili, katika viwanja viwili vilivyo karibu, kwa hiyo mtaachana asubuhi hiyo tu. Patananeni mapema mahali na saa ya kukutana baada ya ibada, mbali kidogo na malango, kwa sababu katika umati ule simu inaweza kukosa mtandao saa nzima.