Jibu: Mapacha wanaorudi Pompeii, wakimbie lava?

Mkuu, lava ifute kabisa. Umeuliza mapacha wa hadithi yako, wanaosafiri kurudi zamani, wakitua Pompeii, mji wa Warumi karibu na volkano ya Vesuvio, ilipolipuka mwaka 79, waukimbieje mto wa moto. Mto huo haukufika mjini. Kilichoanza ni mvua ya mawe mepesi yenye vitundu, kama lile la kusugulia miguu, saa baada ya saa mpaka mapaa yakaporomoka. Asubuhi yake likaja wimbi la gesi na majivu ya moto, na hilo huwezi kulikimbia. Basi watoke usiku, wamejifunga mito ya kulalia vichwani. Plinius Mdogo, mwandishi Mrumi aliyekuwa na miaka 17 ng'ambo ya ghuba, ameandika kwamba mjomba wake na wenzake walifanya hivyo kule Stabiae, mji wa jirani.

Ila usiharakishe kuufikisha mlipuko kwenye hadithi. Waache kwanza waruke yale mawe ya kuvukia barabara, magurudumu ya mikokoteni yakipita katikati yake, wanunue mkate wa duara wenye alama za vipande vinane. Mikate hiyo imefukuliwa, imeungua lakini alama zinaonekana.

Halafu ile pizza ya nyanya itoe kwenye hadithi yako, tafadhali. Nyanya zilifika Ulaya kutoka Amerika karne nyingi baadaye.