Ile barafu ya machungwa uliyoniulizia

Assalam aleikum mwanangu,

Meseji yako niliisoma juzi usiku, jana baada ya alfajiri nikaisoma tena, nikaona hapana, hii siwezi kuijibu kwa maneno mawili matatu ya haraka haraka, ngoja nikae chini niandike. Umesema mlienda hotelini mkaletewa kitu kinaitwa sorbeti ya machungwa, ukaonja ukaikumbuka ile barafu yangu ya Idi, ukarudi nyumbani ukaijaribu kwenye friza lako ikatoka jiwe, kijiko hakiingii, halafu mjukuu wangu akasusa ati hii siyo ya chungwa mbona haina rangi ya Fanta. Ukaniuliza naifanyaje mpaka inakuwa laini, na ule uchungu wa mbali uliokuwa kwenye ya kwangu unatoka wapi maana ya hotelini haikuwa nao. Halafu mwisho kabisa ukaniuliza, baba hivi ni kweli soda za zamani zilikuwa tamu kuliko hizi au mnazisifia tu kwa sababu mlikuwa watoto. Umeyaandika kama maswali tofauti lakini kwangu mimi yote ni jambo moja.

Kwanza hilo jina. Sorbeti wala sio kitu kigeni, ni sharubati hiyo hiyo. Waarabu walisema sharbat kutokana na neno lao la kunywa, Waturuki wakalichukua, Wataliano wakalipokea kwa Waturuki wakaligandisha na barafu wakaliita sorbetto, na huku kwetu pwani likabaki sharubati ya kwenye glasi. Kwa hiyo ulivyokaa pale hotelini ukakumbuka nyumbani hukukosea hata kidogo.

Sasa nikwambie ilikotoka. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka kumi na moja, tunakaa Ngamiani hapa Tanga, tuko watoto wanne. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha miaka miwili nyuma ila nchi ilikuwa imechoka, sukari unapanga foleni, sabuni foleni, unga foleni, bibi yako alikuwa anaweza kunituma alfajiri nikaweke jiwe kwenye mstari lishike nafasi yetu dukani. Soda ndo usiseme. Ilikuwa mpaka kuwe na harusi ya watu wenye uwezo, na hata hapo watoto mnasubiri wakubwa wamalize kwanza muangalie kilichobaki kwenye kreti. Sisi tulikuwa tunaokota vizibo. Tulikuwa navyo kopo zima, tulijifunzia kuhesabu darasa la kwanza, tulitengenezea matairi ya magari ya makopo, na mimi nakumbuka nilikuwa nakinusa kizibo cha Fanta kama bado kibichi maana harufu inabaki pale ndani kidogo.

Idi ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mjomba wangu, kaka yake bibi yako, akaja na chupa moja ya Fanta kaifunga kwenye gazeti. Moja. Na chupa yenyewe irudi, maana bila chupa tupu huuziwi nyingine. Bibi yako akatoa vile vikombe vyake vya kahawa vinne akavipanga kwenye sinia akamimina kidogo kidogo, anarudia anasawazisha, sisi tumeinama macho yapo usawa wa kikombe tunaangalia kama kuna aliyezidishiwa. Mimi ndo mkubwa kwa hiyo nilimiminiwa mwisho, nikapata na povu. Nilishika kile kikombe nikanywa kwa kuchovya ulimi tu ili kisiishe, gesi inapanda puani, baridi, tamu, na kikaisha. Mdogo wangu wa mwisho akalia. Hakulia kwa kelele, alikaa tu anaangalia ndani ya kikombe machozi yanatiririka, na hiyo picha mwanangu mpaka leo ninayo.

Mjomba aliiona. Mjomba yule kabla ya hapo alikuwa mpishi kwenye nyumba ya Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, si unajua Tanga Wagiriki walikuwa wengi kwenye mkonge kabla serikali haijayachukua mashamba mengi mwaka 1967, na kule ndiko alikojifunzia mapishi ambayo hapa mtaani hakuna aliyekuwa anayajua. Kesho yake akarudi na pande la barafu ile ya kuhifadhia samaki, kaliviringisha kwenye gunia lenye maranda ya mbao lisiyeyuke njiani, na chumvi ya mawe kwenye karatasi. Machungwa ya Muheza yalikuwa yamejaa kila mahali, hayo hayana foleni. Bibi yako alikuwa na sukari kidogo aliyoificha kwa ajili ya chai ya wageni, akaitoa yote.

Mjomba akakamua machungwa kwenye sufuria ndogo, akaiweka sufuria ndani ya beseni, kuzunguka pembeni akajaza barafu aliyoiponda na ile chumvi. Chumvi kazi yake ni kuifanya barafu iyeyuke huku inazidi kuwa ya baridi, inashuka chini ya sifuri, ndo maana juisi ikaganda bila friji wala umeme. Akawa anaizungusha ile sufuria huku anakwangua pembeni kwa mwiko, anazungusha anakwangua, sisi tumemzunguka hakuna anayeongea. Kilichotoka pale kilikuwa laini kama mchanga wa baharini uliolowa, cha njano, na safari hii kila mtu alipata bakuli. Mdogo wangu alikula mpaka meno yakauma.

Kwa hiyo ile barafu niliyokuwa nawafanyia ninyi kila Idi toka tulipopata lile friji kuukuu ndo hiyo hiyo. Sikuwahi kuwaambia kwa sababu ninyi mmekua soda ziko kila kona, niliona mtasikia kama hadithi tu.

Haya, yako imetoka jiwe kwa nini. Umepunguza sukari. Najua umepunguza kwa sababu ya mtoto na ni jambo zuri kwenye chai, lakini kwenye hii kitu sukari sio utamu peke yake, sukari ndo inayozuia maji yasigande yote. Juisi ya chungwa ina sukari yake ila haitoshi, ukiigandisha hivi hivi unapata jiwe. Halafu kingine, baridi inafisha ulimi, kitu kikiwa cha baridi sana hausikii utamu wake vizuri, kwa hiyo ukiionja kabla haijaganda lazima ikuzidi kidogo utamu, ukiona iko sawa sawa ujue ikiganda itapooza.

Chukua machungwa kumi na mbili mpaka kumi na tano upate lita moja. Kabla hujayakata, osha matatu ukwaruze ganda la juu juu kwenye kile kikwangulio cha karoti upande wa matundu madogo, usifike kwenye weupe, halafu hayo maganda uyafikiche na sukari robo kilo kwa vidole mpaka sukari ilowe na kunukia. Harufu ya chungwa iko kwenye ganda mwanangu, kwenye juisi ni kidogo mno, watu wengi wanatupa ganda wanabaki wanashangaa mbona hainukii. Sukari hiyo uiweke jikoni na maji kama nusu kikombe na kipande cha ganda la danzi, lile chungwa chungu, nitakuja kwenye danzi, ikishayeyuka tu epua, iache ipoe kabisa, chuja, changanya na juisi, kamulia ndimu mbili na chumvi chembe. Kama una glukosi ile ya unga ya dukani toa vijiko vitatu vya sukari uweke vitatu vya glukosi, inalainisha vizuri sana, hii niliigundua mwenyewe siku moja mlipokuwa mnaumwa na glukosi iko mezani.

Sasa kipimo cha mjomba. Chukua yai bichi zima, jipya, lioshe vizuri, litumbukize kwenye hiyo juisi. Likizama sukari haitoshi. Likielea na kichwa kikachungulia ukubwa wa sarafu ya mia hapo ndo penyewe. Likichungulia zaidi ya hapo ongeza juisi au maji kidogo. Mimi mizani jikoni sijawahi kutumia ni yai tu, na halijawahi kunidanganya, ila hakikisha ni yai jipya maana yai la zamani linaelea hata kwenye maji matupu.

Halafu mimina kwenye lile kopo la aiskrimu, friza, baada ya saa moja toa, pembeni itakuwa imeanza kushika, vuruga na uma urudishe, kila nusu saa toa vuruga, mara nne tano hivi. Ndo kule kuzungusha na kukwangua kwa mjomba, unavunja chembe za barafu zisikue. Kama unaenda kazini huna muda igandishe kwenye vile visahani vya vipande vya barafu, jioni uvisage kwenye blenda urudishe friza saa moja, sio sawa kabisa na ya kuvuruga ila inaliwa. Na kabla ya kula itoe nje dakika kumi.

Danzi ndo huo uchungu uliouuliza. Pale hotelini hawaweki danzi, pengine hata hawalijui. Hii niliiongeza mimi, haikuwa ya mjomba. Babu yako, Mungu amrehemu, kwenye harusi alikuwa hataki Fanta, anataka Bitter Lemon, na ananiachia funda moja chini ya chupa. Mara ya kwanza nilikunja uso, mara ya pili nikaipenda. Ule uchungu wake ni wa kwinini, kwinini ile ile ya dawa ya malaria, na babu alikuwa anatuhadithia kwamba kule Amani, juu milimani Muheza hapo hapo, Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902 wakapanda na miti ya kwinini, ile vita ya kwanza ilipowafungia njia za baharini wakawa wanachemsha magome wanapata dawa ya askari wao. Kwa hiyo mimi nikinywa Bitter Lemon nilikuwa namuona babu na milima ya Usambara pamoja. Kwinini siwezi kuwawekea watoto kwenye chakula, lakini ganda la danzi lina uchungu wa jamaa yake, unakuja mwishoni mwa ulimi unaondoka. Kipande cha vidole viwili kinatosha, ukizidisha hawatakula.

Kuhusu rangi, mwambie huyo bwana mdogo babu kasema chungwa ndo lenye haki ya kusema chungwa lina rangi gani. Machungwa ya Muheza yanaiva na ganda la kijani kwa sababu usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuiondoa ile kijani, ndani ni ya njano, na matamu. Rangi ya Fanta inatiwa. Na tena Fanta yenyewe ilipoanza haikuwa ya machungwa, ilianzia Ujerumani mwaka 1940 wakati wa vita baada ya kukosa malighafi ya Coca-Cola, wakatumia makapi ya tufaha na maji ya jibini, hii ya machungwa ikaja mwaka 1955 Napoli, Italia. Nilivyolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu, kwamba hata wao walianzia kwenye uhaba, walichukua kilichokuwepo wakatengeneza kitu, kama mjomba na beseni lake.

Na soda za zamani? Nimelifikiria sana hili swali lako. Ziko sababu za kweli, chupa ya kioo haipitishi gesi ila hii ya plastiki gesi inavuja taratibu hata kama kifuniko kimekaza, kwa hiyo ya kioo inakuchoma koo vizuri zaidi, na kioo kinashika baridi mkononi. Lakini mwaka jana nilienda dukani nikanunua Fanta ya chupa ya kioo, baridi kabisa, nikainywa yote peke yangu nimekaa kibarazani. Nzuri. Ila sikuisikia ile. Jioni mama yako akaniletea barafu ya machungwa iliyobaki kwenye kopo, kaniwekea kwenye kikombe cha kahawa kwa sababu bakuli zilikuwa chafu, nikaweka ulimini na hapo hapo nikamwona mdogo wangu na yale machozi yake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ndiyo ilikuwa tamu vile mwanangu, kwa sababu tulikuwa wanne.

Kesho asubuhi natuma kiroba cha machungwa kwa basi, litafika Mbezi mchana, nitakupa namba ya konda likishaondoka. Madanzi matatu nimeyafunga kwenye gazeti yako juu kabisa, ganda lake lina matuta kuliko chungwa, usiyachanganye mtoto akamenya akala. Na vikombe vya kahawa vya bibi yako vimebaki viwili, nimevifunga kwenye kanga ya mama yako katikati ya machungwa, kifungue taratibu.

Wasalimie wote.

Baba yako